Babu Keki Hana Mtu

Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi, na kila walipofungua makopo kule chini, harufu ilipanda ngazi ikaingia bila kubisha hodi. Mama Chiriku alikuwa ameizoea. Alikaa meza ya pembeni, mwanawe amelala ndani ya boksi la rangi ya mafuta lililotandikwa shuka, mguu mmoja ukilitikisa boksi, vidole vikichapa kwenye kompyuta.

Kazi yake ilikuwa kuandika maelekezo. Unaiambia programu ya akili mnemba unachotaka, nayo inakutengenezea video ya sekunde chache: mtoto aliyejenga ndege kwa chupa tupu, mwanajeshi aliyerudi nyumbani akakuta mbwa wake kamsahau, bibi mwenye vikapu ambavyo hakuna anayenunua. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuzaliwa. Watu waliwamwagia machozi ambayo waliozaliwa hawakuwahi kuyaonja.

Bosi alijiita Mkurugenzi wa Hisia, na alikuwa amechapisha kadi za kulithibitisha hilo. Yeye mwenyewe hakuwahi kuonekana na hisia yoyote, labda ile siku mtandao ulipokatika.

"Mtoto akilia, watu wanapita," alisema, amejibanza mlangoni na kikombe chake. "Mwanamke akilia, wanauliza kafanya nini. Lakini mzee akilia, Mama Chiriku, wanasimama. Nataka mzee. Na nataka mikunjo ya kweli. Hii ya programu ni kama shuka lililokosa pasi."

Mikunjo ya kweli iliyokuwa karibu ni ya baba yake. Kwenye simu yake kulikuwa na picha aliyompiga jikoni akikata vitunguu, macho mekundu, mashavu yamelowa, mdomo wazi kwa kicheko maana alikuwa ametoka kumtania bintiye kuhusu mapishi yake. Akaiweka hiyo picha. Kicheko programu ilikiondoa yenyewe. Kisha akaandika kwa mkono mmoja, kwa sababu Chiriku alikuwa ameanza kufurukuta na mkono wa pili ulikuwa ukimbembeleza: Mzee, uso huu. Ameshika keki aliyoipika mwenyewe. Ni siku yake ya kuzaliwa. Analia. Hana mtu.

Video ilitoka na kidole cha sita kwenye mkono wa kushoto.

"Niirudie?" Mama Chiriku aliuliza.

"Ya nini? Nani anahesabu vidole vya mtu anayelia?"

Ubaya wa Bosi ni kwamba mara nyingi alikuwa sahihi. Kufika jioni watu walikuwa wameshampa mzee yule jina, Babu Keki, na maoni yalikuwa yakishuka kama maji ya bomba bovu. Mwalimu mmoja aliandika kwamba ameshindwa kuingia darasani. Mwanamume wa mtaa wa nyuma, ambaye mama yake mzazi aliishi nyumba ya tatu kutoka kwake na kuletewa chakula na majirani, aliandika, "Jamani wazee wetu tusiwasahau," akamalizia na mioyo iliyopasuka. Mama Chiriku aliyasoma yote akiwa jikoni, na hatumfichi: alijisikia vizuri. Alikuwa amesoma masomo ya jioni akiwa na mimba, miguu imevimba, ili siku moja maneno yake yasomwe na watu. Sasa yalikuwa yamesomwa, yakapewa sura na keki.

Baba yake aliishi naye. Alikuwa fundi wa lifti, kastaafu, mtu wa maneno mengi na mizaha, na macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga, aliona vivuli, basi. Chiriku alizaliwa wakati ukungu umeshafunga, kwa hiyo babu alimjua mjukuu kwa uzito wake, kwa harufu ya kichwa chake, na kwa zile kelele zake za kuanzia alfajiri zilizompatia jina.

"Nataka nimwone uso tu," alikuwa akisema. "Kabla hajafika umri wa kunificha mambo."

Daktari wa macho alifika hospitali ya mji mara moja kwa mwaka, akakaa siku moja, akaondoka. Mwaka huu zamu ya baba ilikuwa imefika. Muuguzi alikuwa amempigia simu Mama Chiriku mwenyewe kumwambia ni Jumatatu.

Jumamosi asubuhi Babu Keki akabisha hodi.

Baba ndiye aliyefungua. Alisikia sauti yake mwenyewe, ila imelowa maji.

"Leo ni siku yangu ya kuzaliwa," sauti ilisema. "Keki nimepika mwenyewe. Sina mtu."

Baba alinyoosha mkono kusalimia, akaupata, akaupapasa. "Una kidole cha akiba," alisema. "Umejipanga vizuri. Pita ndani, mzee mwenzangu, viatu viache hapo."

Mama Chiriku alitoka chumbani na mtoto begani, akawaona baba zake wawili sebuleni, mmoja mkavu na mmoja anatiririka. Akaleta beseni, huku akimweleza baba habari za picha na video. Likajaa. Akaleta ndoo. Babu Keki aliketi ukingoni mwa kiti, keki magotini, akalia polepole bila kupumzika, kama alivyoandikiwa. Keki haikukatika kwa kisu. Baba alijaribu.

"Wewe unalia nini hasa?" baba alimuuliza. "Mimi kwenye picha ile nililia vitunguu."

"Sina mtu."

"Sasa uko na sisi, mzee."

"Sina mtu," alisema Babu Keki, kwa adabu, machozi yakadondokea kwenye krimu.

Adhuhuri mama mwenye nyumba alipanda kutoka chini, amevimba kwa hasira, dari yake inavuja. Alikuja na maneno aliyoyapanga ngazi nzima. Alipoingia na kumwona anayevuja ni nani, yakamwisha. Alishika kifua, akashuka, akarudi na watoto wake wamevalishwa nguo za kutokea, wakapiga picha mmoja mmoja. Hakutaja dari tena. Alitaja tu kwamba wangemwambia mapema angepaka rangi ukuta ule wa nyuma.

Mtaa mzima ukafuata. Yule mwanamume ambaye mama yake aliishi nyumba ya tatu alikuja na mkewe, akamkumbatia Babu Keki hadi shati likalowa, akalia naye, akaenda zake kwa njia ndefu asipite kwa mama yake. Watu walileta blanketi, sabuni, kiti cha kuegemea. Baba, akiwa pembeni kwenye kigoda, alijaribu kuchangamsha wageni kwa mzaha wa lifti na bibi harusi, ambao ulikuwa ukichekesha watu miaka yote.

"Na huyu anayechekacheka ni nani?" mama mmoja aliuliza.

"Ni mzee wangu," Mama Chiriku alisema. "Huyo mwingine ametolewa kwenye picha yake."

Yule mama alimkagua baba kwa makini, uso, shingo, mikono. "Mh. Huyu ndiye wa kutengenezwa," aliwaambia wenzake. "Angalieni. Uso ule ule, na halii. Wanajaribu kumwigiza mzee wa watu." Wakamsukuma na kigoda chake hadi jikoni, kwa heshima, wapate kuingia wengine.

"Nimefukuzwa kwenye uso wangu," baba alisema kutoka jikoni, akacheka peke yake. Mama Chiriku hakucheka.

Jumatatu alimbeba Chiriku mgongoni, akamshika baba mkono, wakaenda hospitali. Babu Keki akawafuata nyuma na keki yake, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kubaki naye. Njia nzima watu walimpisha yeye, wakampiga baba vikumbo.

Korido ya macho ilikuwa imejaa wazee waliofungwa vitambaa, wengine wameegemea wake zao, wengine fimbo. Bosi alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimamisha taa yake ya duara ya kupigia video karibu na mlango wa chumba cha upasuaji na anazungumza na mganga mkuu kuhusu upande upi wenye ukuta mzuri. Mhudumu wa usafi alimwona Babu Keki, akasogeza ndoo bila kuambiwa.

Muuguzi wa mezani aliwatazama wazee wawili wenye uso mmoja. Alikuwa mwanamke mpole, macho mazito kwa usingizi wa zamu.

"Jina moja kwenye orodha, sura moja, nafasi moja," alisema. "Ni yupi?"

"Ni huyu, dada," Mama Chiriku alisema na kumsogeza baba mbele. "Ulinipigia simu wewe mwenyewe."

"Na yule si wa keki?"

"Ndiye. Lakini yule si mtu. Nimemtengeneza mimi, kazini, kwa picha ya baba."

"Tunajua, mama," muuguzi alisema, bila ubaya wowote. "Siku hizi wote wanatengenezwa. Mdogo wangu huwa ananionyesha namna ya kuwatambua. Ila yule alitugusa. Wodi nzima tulilia, mpaka tukachelewa kugawa dawa."

"Baba yangu haoni, dada. Hajawahi kumwona mjukuu wake."

"Kwani yule anaona, na maji yote yale?" Muuguzi aliinuka, akamwinamia Babu Keki, akamshika bega. "Babu, una ndugu?"

"Sina mtu."

Korido nzima ilivuta pumzi ya huruma. Muuguzi alijifuta jicho, akamgeukia baba. "Na wewe, mzee, una ndugu?"

Baba hakuwa mtu wa kusema uongo hospitali. "Ninaye binti," alisema. "Ndiye huyu. Na mjukuu, yule anayepiga kelele."

"Basi. Wasio na mtu wanatangulia. Ndio utaratibu wetu, na ni utaratibu mzuri."

Mama Chiriku aliyafahamu maneno yale. Aliyaandika mwenyewe kwa mkono mmoja, na alipoyaandika aliyaona mafupi na yenye nguvu. Alimwendea Bosi.

"Bosi, ifute ile video. Ukurasa ni wako, mimi siwezi. Ukiifuta ataondoka na zamu itabaki kwa baba. Ni leo tu."

"Nikiifuta ataondoka, kweli," Bosi alikubali, akipunguza mwanga wa taa. "Na meza yako itaondoka naye. Mama Chiriku, wewe una kipaji. Usije ukaingiza mambo ya nyumbani kazini."

"Wewe ndiye uliyeleta kazi kwa baba yangu."

"Sogea kidogo. Unanitia kivuli."

Hakusogea. Alisimama pale, mtoto mgongoni anavuta nywele zake, akafikiria kodi ya chumba na maziwa, akafikiria masomo ya jioni. Baba alimfuata kwa kupapasa ukuta hadi akaupata mkono wake.

"Lifti imeshapanda, mama," alimwambia. "Tungoje ishuke."

"Inashuka mwakani, baba."

"Nimewahi kungoja zaidi. Kuna jengo moja nilikwama na mhasibu."

Akasogea.

Daktari wa macho alikuwa mtu makini. Alimlaza Babu Keki, akayafungua macho yake, akayakuta safi kabisa, hayana ukungu wala mkwaruzo, kama macho ambayo hayajatumika. Alilisema hilo kwa sauti. Kisha akayapasua hata hivyo, kwa sababu kamera ilikuwa imeshawashwa. Baadaye walimtoa nje na bandeji, machozi yakitokea pembeni, na korido ikapiga makofi. Waliopiga kwa nguvu ni wale ambao zamu zao zilikuwa zimeliwa na muda wa kupanga taa. Daktari alipanda gari lake. Muuguzi alimwambia baba aje mwakani, na akamsihi asikate tamaa, kwa mfano mzuri alioushuhudia leo.

Video ya upasuaji iliipita ile ya keki. Bosi alimpa Mama Chiriku kiti kipya cha ofisi, chenye magurudumu.

Babu Keki alibaki kwao. Hakuna aliyemwalika wala kumfukuza. Alitandikiwa pembeni mwa sebule, karibu na mfereji mdogo ambao mama mwenye nyumba alileta fundi auchonge sakafuni, uongoze machozi hadi nje. Bandeji zilipotolewa alikaa akitazama vitu: dirisha, soksi, mlango. Alikuwa ameanza kuongeza neno moja moja kwenye maneno yake. Baba aliketi naye kwa sababu alikuwa na wakati, na kwa sababu hakuna mwingine aliyejua sauti ile inatoka wapi.

Siku moja, jua la alasiri limeingia mpaka nusu ya sakafu, Mama Chiriku alirudi mapema. Bosi alikuwa amemwandikia: watu wanataka sehemu ya pili, mzee amepata macho, anamwona mjukuu wake kwa mara ya kwanza, tafuta sura ya mtoto, ya kweli, isiwe ya programu. Mama Chiriku alimjibu kwamba mzee yule hana mtu, ndivyo walivyosema. Bosi akajibu, "Nani anakumbuka?"

Alimweka Chiriku chini kwenye mkeka. Mtoto akaanza kelele zake.

"Wewe uliyepewa macho," baba alimwambia Babu Keki. "Nisaidie. Mjukuu wangu anafananaje?"

Babu Keki aliinama, akamtazama mtoto kwa muda mrefu kupitia maji yake.

"Anafanana na mimi," alisema.

Baba alitikisa kichwa taratibu, ameridhika. "Maskini, pua hiyo imempata. Na sasa hivi anafanya nini?"

"Anakutazama."

Baba aligeuza uso kumtafuta, akamkosa kidogo, akautabasamia ukuta, tabasamu pana la meno yote. Mama Chiriku alimwinua mtoto, akamsogeza mpaka pale tabasamu lilipokuwa limeelekea, akamkalisha mbele yake. Chiriku alinyamaza, akaishika ile pua.

Mwanga ulikuwa mzuri. Mama Chiriku akatoa simu, akapiga picha.