Kamba ya Mabua ya Mpunga

Kijito cha Sahalava ni chembamba, hata mbuzi hukiruka. Kinatoka msituni, kinatulia kwenye dimbwi la mikunga, wale samaki warefu kama nyoka ambao ni mwiko kuwavua hapo, kisha kinateremka mashambani hadi kwenye mto uendao baharini.

Ukingoni mwa dimbwi, upande wa chini, ulisimama ukuta wa saruji. Wazo lilikuwa la Voahirana, kijana wa kijijini hapo. Ukuta ule uligeuza maji yakafika kwenye vijaruba vya mteremkoni, alikolima mama yake, na kwa mara ya kwanza mpunga wa huko ukajaa punje. Lakini sasa mvua zilikuwa zinaishia, na hakuna mkunga mchanga hata mmoja aliyeonekana dimbwini. Kijiji kikaamua ukuta uliowazibia njia uvunjwe kesho yake.

Jioni ile Voahirana alikwenda kuutazama mara ya mwisho. Chini ya ukuta akaona kama nyuzi nyeusi zinatetemeka. Akainama. Walikuwa mikunga wachanga, wembamba kuliko njiti ya kiberiti, wanapanda saruji yenye unyevu. Wakifika katikati wanateleza, wanaanguka, wanaanza tena. Mmoja tu alikuwa akikaribia juu, amejishikiza kwenye bua la mpunga lililonasa ukutani.

Voahirana akakimbia nyumbani. Yeye na mama yake wakasokota kamba ya mabua, na kabla giza halijaingia akaifunga juu ya ukuta, ikaning'inia hadi majini.

Asubuhi manyunyu ya usiku yalikuwa yamekatika. Shangazi Razafindrina alitangulia, nyuma yake wanaume wenye nyundo.

"Sogea, mwanangu. Au umeufunga ukuta wako mkanda usianguke?"

Wanaume wakacheka.

"Shangazi, njoo uone kwanza."

"Nione kamba? Siku hizi mikunga wana mikono?"

"Inama tu, tafadhali."

"Na nikishindwa kuinuka utanibeba wewe!"

Akainama. Kicheko kikakatika.

Kamba ilikuwa hai. Kutoka majini hadi juu ilikuwa nyeusi kwa mikunga, mamia kwa mamia, kila mmoja akisukumana na mwenzake, vichwa vyote vikielekea juu. Walikuwa wametoka baharini, wakapita mto mzima na maporomoko yake, na sasa walikuwa wanadondokea dimbwini mmoja mmoja, bila kelele.

"Nani amewaambia kuna dimbwi huku?" shangazi akanong'ona.

Voahirana alisikia machozi yakimlengalenga. Tovo, kijana mwenye mabavu kuliko wote, akaweka nyundo yake chini polepole, kama aliye karibu na mtoto aliyelala.

"Umesimama nini, Tovo?" shangazi akamgeukia. "Kamba moja haiwatoshi hawa. Lete mabua!"

Kisha akachota maji kwa kiganja, akayamimina taratibu pale juu ya kamba palipoanza kukauka. Akachota tena.