Wa Kudanganywa Mezani kwa Gunnvor

Saa tano asubuhi, Jumanne ya Novemba, Gunnvor Eikeland alifuta makombo kwenye kitambaa cha plastiki, akajimiminia kikombe cha pili cha kahawa na kupanga karata zake mafungu saba, mchezo wa mtu mmoja. Ndivyo alivyofanya kila siku tangu afiwe na mume, ghorofa ya tatu, mjini Haugesund, mvua ikipiga dirisha. Swali lilikuwa lilelile: mwanawe Sverre atakuja kula Jumapili? Karata zikipangika zote, atakuja. Zikikwama, haji. Sverre alikaa Stavanger, mwendo wa saa mbili na kivuko kimoja, na mara ya mwisho kuonekana ilikuwa Pasaka ya mwaka juzi.

Zilikwama. Ilitakiwa saba nyekundu, na saba nyekundu haikutokea. Gunnvor akatazama mlangoni, ingawa hapakuwa na mtu wa kuingia, akainua ncha ya karata iliyolala kifudifudi, akaiona saba, akaichomoa.

Mfalme wa shupaza akashuka kwenye karata yake, akavuta kiti cha marehemu na kuketi. Karata ikabaki nyeupe. Alikuwa mtu wa makamo, ndevu kazichana vizuri, joho lake likinuka kabati.

"Kahawa ipo, mama?"

Gunnvor akamwambia ipo, ila maziwa yamekwisha. Akamuuliza amefuata nini.

"Umedanganya," mfalme akasema, akipuliza kikombe. "Ukidanganya lazima awepo wa kudanganywa. Humu hamna mtu. Ndiyo nikaletwa mimi."

Gunnvor aliona maneno hayo yana maana. Akamkatia keki.

Jumatano alidanganya mara kumi na moja, makusudi. Kufikia Alhamisi asubuhi karata zote kumi na mbili za picha zilikuwa nyeupe, na nyumba iliyozoea kusikia friji tu ikawa na watu. Viti vilikuwa vinne, wengine wakakaa kitandani. Walikula maandazi bapa yaliyookwa kwenye chuma kwa jibini ya kahawia, wakasengenyana. Malkia wa kopa alisema mbele za watu kwamba mfalme wa uru ana jicho moja tu linaloonekana, na hilo moja halibanduki kwenye sahani ya mwenziwe. Gunnvor alicheka mpaka akashika meza.

Alhamisi hiyo kibao cha zamu ya kuosha ngazi kilining'inia kwenye kitasa chake. Alikitundika Terje Lunde wa mlango wa pili, kwa namna ya siku zote: anachungulia kwenye kitundu cha mlango mpaka korido iwe tupu, anatoka na soksi, anatundika, anarudi. Walikuwa wamepokezana kibao hicho miaka sita bila kuonana uso kwa uso.

Mfalme wa shupaza akafunga joho kiunoni na kuosha ngazi, kuanzia juu hadi chini. Terje alikutana naye ghafla, hana pa kujificha. Akasema mvua hii haina dalili ya kukatika. Mfalme akakubali. Terje hakumuuliza ni nani, maana pale watu hawaulizani. Ijumaa alibandika karatasi mlangoni kwa Gunnvor: wageni wanaombwa wavue viatu wakiwa kwenye ngazi, asante. Ilikuwa barua ya kwanza kutoka kwake. Gunnvor aliisoma mara tatu, akaihifadhi kwenye droo ya vijiko.

Jumamosi alibandika chungu kikubwa cha nyama ya kondoo na kabichi, chakula alichokipenda Sverre tangu utotoni, kisha akataka jibu la kweli.

"Jibu lipo," mfalme akamwambia. "Cheza kwa haki. Ila karata ya kwanza ya haki ikilala mezani, sisi tunarudi tulikotoka."

Gunnvor aliwatazama wageni mmoja mmoja, akatazama chungu, akachanganya karata. Alikuwa ameinua ya kwanza simu ilipolia.

"Mama, kesho sitaweza," Sverre akasema. "Nina homa. Sauti yenyewe si unaisikia?"

Nyuma yake mtu aliuliza kama skii, zile mbao za kutelezea thelujini, zifungwe juu ya gari sasa hivi au baadaye.

"Pole, mwanangu. Kunywa kitu cha moto. Wala usinifikirie, nyumba imejaa wageni."

"Kweli? Aa, afadhali. Nilikuwa najisikia vibaya, nikijua uko peke yako."

"Sipo peke yangu," Gunnvor akasema.

Akairudisha ile karata kwenye boksi, na boksi akalitia kwenye droo. Hakukuwa tena na la kuuliza.

Jumapili walikula saa tisa. Gunnvor aliandaa sahani kumi na nne, moja ya Sverre, kwa mazoea. Kondoo alikuwa ameiva akiachana na mfupa.

"Na kule kwa mwanao ameenda nani?" malkia wa kopa akauliza, mdomo umejaa. "Maana naye jana kadanganya."

Mfalme wa shupaza akawahesabu wenzake kwa macho. Wote kumi na mbili walikuwepo.

"Hakwenda mtu," akasema. "Wa kudanganywa alikuwepo tayari, kwenye simu."

Gunnvor akampitishia viazi. Jioni aliosha sahani zote kumi na nne, na ile iliyokuwa safi pia.