Bitiruti ya Mwisho ya Bibi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeingia bustanini, nyuma ya jiko letu hapa Usangi, kung'oa bitiruti ya mwisho ya bibi.

Sababu ilikuwepo hata nikiwa macho. Wifi yangu Nakijwa amejifungua na damu imempungua, na huku kwetu mzazi hupewa juisi ya bitiruti. Lakini aina ya bibi, yenye pete nyeupe ndani, haiuzwi dukani, na bitiruti hutoa mbegu mwaka wa pili, baada ya kupitiwa na baridi. Imebaki moja. Nikiing'oa, mbegu imekwisha.

Nashika majani.

"Siku hizi hubishi hodi?" bitiruti inauliza.

"Shikamoo," nasema, maana ni ya bibi.

"Marahaba. Unanipeleka wapi?"

"Kwa mzazi."

"Twende. Ila mimi sitoki kwenye udongo."

Basi udongo unakuja nasi. Bustani sasa ni wodi. Nakijwa amepandwa mpaka mabegani, udongo umeinuliwa vizuri kumzunguka. Keni ya kumwagilia, iliyovaa kofia ya muuguzi, inapita ikiwanyunyizia wagonjwa kwa kiasi sawa.

"Huyu hajapunguzwa," keni inaniambia. "Mbegu ya bitiruti ni kifundo. Huota miche mitatu, hata minne. Abaki mmoja."

Natazama. Kweli, Nakijwa wako watatu, wamebanana shingo kwa shingo.

"Wifi," anasema wa kati, "leo umepata nafasi uliyoitafuta tangu harusi."

"Hubaki mwenye majani mapana," namjibu. "Ni kanuni."

"Basi ni mimi. Huyu wa kushoto anakoroma."

"Na wewe unakula kama umetumwa," anajibu wa kushoto.

Wa kulia amefumba macho. Midomo yake imepauka. Ndiye ninayemfahamu.

"Anaishiwa damu," keni inasema, na kunipa mkasi. "Kata mzizi au mpoteze mzazi."

Nakumbuka kwamba majani ya bitiruti yana madini mengi ya chuma kuliko mzizi wenyewe.

"Naomba majani," naiambia bitiruti.

"Ya nje. Ya katikati niachie, hapo ndipo litakapotoka shina la maua."

Nakata ya nje. Napika ndani ya keni, ambayo inalalamika kuhusu moshi na wingi wa chumvi ninayotia. Namlisha wa kulia. Kila tonge likishuka, wale wawili wanapungua upana, wakiendelea kubishana, mpaka anabaki Nakijwa mmoja. Midomo yake ina rangi.

"Sasa nirudishe kwenye baridi," bitiruti inasema.

Niliamka kumekucha. Bitiruti ilikuwa ardhini, imara. Nakijwa anakaa ng'ambo ya bonde, na sikuwa nimempelekea chochote. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wake:

"Wifi, leo nimesimama mwenyewe. Asante kwa mboga. Ila chumvi ulikuwa unamwekea nani?"