Maswali ya Mama wa Ng'ambo ya Barabara

Mume wangu Valens ni fundi wa mabati, na ukitaka kumsikia akiongea, uwe na paa linalovuja. Mimi amenioa, nimemzalia Izabayo, nimehama naye kutoka Bukavu mpaka huku Rwimbogo, na bado maneno yake kwangu ni ya kuokota. "Chakula iko?" Kipo. "Mvua itanyesha." Itanyesha. Hapo amemaliza, anavua viatu na kulala.

Lakini simu ikilia na ikawa ni Kamikazi, yule bubu anapona.

Kamikazi anakaa ng'ambo ya barabara, mbele yangu kabisa, katika nyumba ya mabati mekundu ambayo mumewe alimjengea kisha akarudi kwenye malori yake. Mume huyo tunamwona Noeli, akichelewa tunamwona Pasaka. Mwaka jana upepo uliinua mabati mawili ya nyumba ile, Valens akaenda kuyarudisha, na tangu siku hiyo mama yule hajamaliza kuuliza. Simu ya Valens ni mbovu, haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, kwa hiyo maswali yake yote yanaingia ndani kwangu na kukaa kwenye viti vyangu.

"Papa Izabayo, bati ikikunjama, inaweza kurudi vile ilikuwa?"

"Inategemea, Maman. Kama imekunjama tu, naigongaka polepole na nyundo ya mbao, inarudi. Lakini kama imepasuka pale kwa tundu ya musumari, hapo usinidanganye na usijidanganye. Ni kubadilisha."

"Na kutu? Napaka rangi, ao natoa bati yote?"

"Kwaruza kwanza. Kama kidole haipite, paka rangi. Kama kidole inapita, rangi itakusaidia nini?"

Na hapo anacheka. Valens! Mtu ambaye siku ya harusi yetu mpiga picha alimwomba meno mpaka akachoka. Mimi niko jikoni na sufuria ya isombe, majani ya muhogo, ninasikia mume wangu akimweleza mwanamke mwingine habari za kidole na kutu kwa sauti ya upole, bila haraka, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Roho iliniuma, nisiseme uongo.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba swali la bati lililokunjika alikuwa ameliuliza wiki iliyotangulia, kwa maneno yaleyale. Nilikuwepo, nilisikia. Na Valens alijibu tena yote, tangu mwanzo, kama hajawahi kuulizwa.

Na mimi nimuulize nini? Watu husema mganga hajigangi, lakini huyu wangu alijiganga vizuri mno. Paa letu halivuji. Kila bati limekaa, kofia ya paa, lile bati la kileleni, imebanwa, na waya umepita juu ya mabati ukashuka mpaka ukutani, umefungwa vile viongozi walivyotuhimiza baada ya pepo za mwaka ule mbaya. Ni Valens aliyefundisha mtaa mzima kuufunga waya huo. Watu walikuja mpaka kutoka Nyakabuye kuangalia nyumba yetu, wakatingisha vichwa kwa kuridhika. Katika nyumba nzuri namna hiyo, mke hana swali hata moja la kumfanya fundi afungue mdomo.

Jumamosi moja Valens alipanda tena juu ya paa la Kamikazi. Nilikuwa bombani na madumu yangu. Yeye juu, mwanamke chini ameshika ngazi kwa mkono mmoja, kidevu juu, kitenge kipya. Wanaongea. Vénantie, jirani yangu ambaye ulimi wake haujui Jumapili, alinigusa kwa kiwiko.

"Concessa, bwana yako amehamia kule juu? Ao bamemujengea chumba?"

Wanawake wote wakacheka. Na mimi nikacheka, ndiyo, nilijikaza nikacheka, kisha nikarudi nyumbani nimesahau dumu moja bombani.

Jioni ile simu ikalia tena. Nikasimama nyuma ya pazia. Nilikuwa sijifichi tena hata kwa nafsi yangu.

"Papa Izabayo, hii waya ya juu. Ikilegea, mvua itaingia?"

"Itaingia kidogo, Maman, pale kwa kofia. Itatonatona. Lakini hiyo mvua si kitu, sikiliza..."

"Itatona juu ya kitanda yangu? Na nilale wapi?"

Valens akacheka kicheko kirefu kinachotoka tumboni. Sikungoja mwisho wa jibu. Nilitoka nje nikaenda kumenya ndizi ambazo hakuna mtu aliyeziomba.

Lakini nilikuwa nimepata nilichokihitaji. Waya ukilegea, maji yatatona kidogo pale kwenye kofia. Vizuri. Hata mimi nina kofia ya paa. Hata mimi nina kitanda, na ndani ya kitanda hicho fundi ana upande wake.

Jumatatu alipoondoka kwenda Kamembe kutafuta misumari, nilichukua ngazi yake na koleo yake. Nilipanda. Msinione mzito, nimekulia kwenye miti ya mapera Bukavu. Nikaufungua waya wa upande wa chumba chetu, nikang'oa misumari minne ya kofia, minne tu, pale hasa anapoweka kichwa chake. Niliwaza mvua tu: itanyesha, tone litamwangukia usoni, ataamka, na mimi nitauliza. Papa Izabayo, hii maji inatoka wapi? Tuzibe ao tubadilishe? Na mabati yanaishi miaka ngapi? Nilikuwa nimepanga maswali ya kumtosha mpaka Pasaka. Nikashuka, nikapika, nikaisubiri mvua kama bibi harusi.

Mvua haikunisubirisha, lakini haikuja peke yake. Jumatano mchana, Izabayo yuko shule, mimi niko kwenye jiko la nje, upepo ulipanda kutoka bonde la Rusizi ukiwa na hasira za mtu. Migomba ililala yote kwa pamoja. Nikasikia kitu kinapiga kelele juu ya nyumba, ba, ba, ba, kisha bati la kwanza likainuka kama mtu anayefunua blanketi. La pili likalifuata. Halafu upande wote wa chumba chetu, mbao na mabati pamoja, ulipaa mbele ya macho yangu, ukavuka barabara, ukaanguka kwenye viazi vya Kamikazi.

Kamikazi ndiye aliyefika wa kwanza. Wa kwanza! Alikuja na bashi kubwa, turubai la plastiki, kichwani, amelowa mpaka mifupa, akanikumbatia, akaniuliza, "Maman Izabayo, mutoto iko wapi? Uko muzima?" Tulifunika kitanda pamoja, yeye akivuta pembe ile na mimi pembe hii. Paa lake jekundu lilikuwa limetulia kule ng'ambo, halikupoteza hata msumari. Nilimshukuru kwa mdomo, na moyoni nilitamani akanyage pembe ya bashi aanguke.

Mvua ilipokatika mtaa mzima ulikuwa uani kwangu. Valens alikuja juu ya pikipiki, akashuka kabla haijasimama. Aliniangalia mimi kwanza, kutoka kichwani mpaka miguuni, kisha akapanda ukutani.

Protais, mkuu wa mudugudu, kijiji chetu, ni mtu mwema lakini sauti yake ni ya mkutano hata akiwa msibani. Yeye yuko katika kamati ya shule ya watoto ya parokia, na wiki ile walikuwa wanachagua fundi wa kuliezeka upya jengo lote. Jina la Valens ndilo lilikuwa juu. Sasa Protais alisimama, mikono nyuma, akiangalia mbingu kupitia chumbani kwetu.

"Fundi," akasema. "Manyumba ya batu bote imebakia. Ya muzee Nzabonimana imebakia, na ile iko na mabati ya wakati ya babu. Yako njo imeenda. Sasa kamati nitaiambia nini?"

Nilisikia Vénantie akinong'ona kwamba huenda anabania misumari kwenye nyumba za watu pia. Mwanamume mmoja akasema ataliangalia lake kesho asubuhi, mapema. Hivyo ndivyo jina la fundi linavyokufa, wala halihitaji padri.

Na Kamikazi, aliyekuwa amesimama karibu nami, akauliza. Angekosaje kuuliza?

"Papa Izabayo, samahani. Na yangu? Ni mukono ileile iliifunga. Si afazali niite fundi mwingine kutoka Kamembe, aiangalie?"

Sikilizeni. Hilo ndilo nililokuwa nimemwomba Mungu tangu mwaka jana. Kwamba siku moja mwanamke huyu aseme, fundi mwingine. Na sasa amelisema, mbele ya mashahidi, na mimi sikutakiwa kufanya kitu chochote zaidi ya kunyamaza. Kunyamaza tu, na ng'ambo ya barabara hakuna simu tena, hakuna ngazi, hakuna kitenge kipya.

Nikamtazama Valens. Alikuwa amekaa juu ya ukuta na ncha ya waya mkononi. Waya uliokatwa na upepo huchanika, na huu wake ulikuwa umenyooshwa vizuri, na meno ya koleo yake mwenyewe yameacha alama. Akaugeuza mara moja, mara mbili. Kisha akaniangalia. Alikuwa amejua. Nilingoja aseme.

Akaukunja waya, akautia mfukoni.

"Chef, nimekosea," akamwambia Protais. "Ya batu nilifunga muzuri. Yangu niliiachilia. Mutafute mwingine ya shule."

Mume wangu, ambaye hana maneno, alikuwa na hayo. Na aliyatumia kunifunika mimi vizuri kuliko bashi ya Kamikazi. Nilitaka kunyamaza, naapa nilitaka, lakini sikuweza kumwachia mwanamke yule aende nyumbani akifikiri kwamba mikono ya Valens ni mibovu. Mikono ile! Asiyeijua ni nani hapa?

"Anadanganya," nikasema. Watu wakageuka. "Hakuachilia kitu. Ni mimi njo nilifungua ile waya. Ni mimi niling'oa misumari, na koleo yake, Jumatatu."

Protais alifungua mdomo akasahau kuufunga. "Ju ya nini, Maman?"

"Ju mvua imutonee."

"Imutonee nani?"

"Yeye! Kwa kitanda, kwa upande yake! Ju aamuke tuongee!" Nilikuwa nalia na nilikuwa na hasira, vyote pamoja. "Huyu Maman wa ng'ambo, anamujibuka masaa na masaa. Bati, kutu, musumari. Mimi paa yangu haitoboke, nitamuuliza nini?"

Vénantie akaanza kucheka, na baada yake uwanja mzima ukacheka mpaka kuku wakakimbia. Hata Protais alicheka, akijifuta macho, akisema kamati ataiambia kwamba lile paa upepo peke yake haukuliweza. Kamikazi pekee ndiye hakucheka. Uso wake ulikuwa umeiva.

"Lakini alisema," akanong'ona. "Kwa simu. Alisema waya ikilegea, mvua si kitu, ni upepo. Upepo ikipata hata kucha moja chini ya bati, inabeba yote. Hukusikia?"

Hapana, sikusikia. Hilo alibaki nalo yeye. Hata jibu ambalo lingeliokoa paa langu lilikuwa kwake. Nikameza mate machungu, naye akaaga watu akavuka barabara kwenda kuangalia viazi vyake.

Siku iliyofuata Valens hakwenda kazini kwa mtu. Alirudisha mbao, akakusanya mabati kutoka shambani kwa jirani, akayapanga uani. Mimi nilishika ngazi. Nilimpa msumari, akapokea. Nilimpa nyundo, akapokea. Sikujua kama amenisamehe au anatafuta maneno ya kunifukuza, na kwa Valens yote mawili huchukua muda uleule.

Mwishowe nikaliona bati moja limekunjika katikati, halikupasuka popote. Jibu lake nalijua. Nilikuwa nimelisikia mara mbili, ningeweza kulikariri kanisani.

"Papa Izabayo," nikasema. "Hii bati imekunjama. Inaweza kurudi vile ilikuwa?"

Alishuka kwenye ngazi. Alichuchumaa karibu nami, akapitisha kiganja juu ya bati, taratibu, kwenye lile kunjo.

"Inategemea," akasema. "Kama imekunjama tu, naigongaka polepole na nyundo ya mbao, inarudi. Lakini kama imepasuka pale kwa tundu ya musumari..." Akaniangalia, akatabasamu, na meno yale ambayo mpiga picha aliyakosa nikayaona yote. "Hii haikupasuka, Maman. Ona. Leta mukono."

Akaushika mkono wangu akaupitisha pale alipopitisha wake. Sauti ile sasa ilikuwa kwangu, karibu na sikio, bila simu, na nilijisikia mwanamke mwenye nyumba nzuri kuliko zote Rwimbogo, hata kama nusu yake ilikuwa haina paa.

Nikamwacha amalize mpaka neno la mwisho. Kisha nikaangalia ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ile nyekundu isiyovuja, na kwenye mwanamke aliyekaa barazani peke yake na simu mapajani. Sasa nilijua kwa nini alikuwa anauliza swali moja mara mbili, jibu akiwa nalo, na wivu ukanishika upya, mbaya kuliko ule wa kwanza.