Plagi Isiyokwenda Popote

Kuna mafundi wa kuweka na kuna mafundi wa kutoa, na Njuguna wa Njoro alikuwa wa kutoa. Kwa miaka ishirini na minane alifungua magari ya watu, akatafuta kile ambacho Wajapani walikiweka bila sababu ya maana, akakitoa. Themostati, vile vifaa vya kudhibiti joto la injini, alizimaliza zote. Kutoka Mau Narok hadi Rongai hakuna gari lililopita mkononi mwake likabaki na themostati, kwa sababu, kama alivyowaeleza wenyewe, hicho ni kifaa cha nchi za barafu, na huku barafu iko wapi? Wateja walimwamini. Vitu vilivyotolewa vilijaza mkebe mmoja chini ya meza yake, kisha wa pili.

Kwa hiyo mwezi wa nane, Mwalimu Jepkemboi alipomwita aifanyie servis kombaini yake ya kuvuna ngano, Njuguna alienda na bisibisi zake na imani yake. Jepkemboi alikuwa mwalimu mstaafu, mama asiyecheka ovyo, na ile mashine kubwa iliyotumika kwanza Ulaya aliinunua pamoja na dada zake wawili. Njuguna alibadilisha oili, akasafisha filta, na alipofika nyuma ya kile kichwa kipana kinachokata ngano akakuta plagi nyeusi ya ukubwa wa kidole gumba, imechomekwa mwisho wa nyaya mbili zilizosokotana. Plagi yenyewe haikuwa na waya wa kutoka. Iliingia pale ikaishia pale. Aliigeuza, akaitikisa, haikulia. Akaitia mfukoni, akapafunga mahali pale kwa utepe mweusi, vizuri kabisa, na hakuona haja ya kumsumbua mwenye mashine kwa jambo dogo kama hilo. Kombaini iliwashwa hapo bandani, ikanguruma sawasawa, kila mtu akaridhika.

Mwezi wa kumi na moja ngano ikawa tayari. Kombaini ikavuna dakika kumi, ikapandwa na wazimu. Taa zote za skrini ziliwaka kwa pamoja, kile kichwa kikashuka chenyewe, mashine ikazimika. Ukiiwasha inakubali, inakwenda kidogo, halafu yaleyale. Kipngeno, dereva wake, alikuwa mtu wa kilo mia moja na kumi, lakini skrini iliandika kwamba kitini hakuna mtu. Akainuka, akaketi tena kwa kishindo. Skrini ikashikilia msimamo wake. Mara ya nne Kipngeno alishuka, akaenda kukaa kando ya shamba akiwa amekasirika kwelikweli, akisema ameendesha matrekta tangu ujana wake na hajawahi kudharauliwa namna hiyo na chombo.

Njuguna aliitwa. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho, akatangaza kwamba ni diseli chafu. Diseli ikamwagwa, mpya ikatiwa. Siku ya pili akasema ni hewa kwenye mipira ya diseli. Siku ya tatu akatoa swichi iliyokuwa chini ya kiti, ile inayohisi uzito wa dereva, ili kumtetea Kipngeno, na tangu hapo mashine ikakataa hata kuwaka. Akairudisha swichi haraka kabla Mwalimu hajafika.

Wakati huo mawingu yalikuwa yanajazana juu ya milima ya Mau. Kila mkulima wa Njoro anajua kwamba ngano iliyokwisha kukauka ikinyeshewa, huanza kuota ikiwa bado kwenye suke, na kampuni ya unga haitaki hata kuiona. Jepkemboi alikuwa na ekari arobaini. Kwa vile vidakika kumi kumi vya hasira alikuwa amevuna kumi na tisa. Ekari ishirini na moja, mwaka mzima wa dada watatu, zilikuwa bado zimesimama, na kombaini za majirani zote zilikuwa zimeshikwa na kazi. Mwalimu alianza kutembea kwenye kingo za shamba asubuhi na jioni akitazama juu, na Njuguna alimwonea huruma sana. Huruma hiyo ilikuwa ya kweli. Hakujua bado kwamba alipaswa kujionea mwenyewe aibu.

Siku ya nne Mwalimu alimleta Nyakio, mwanamke wa miaka thelathini hivi kutoka mjini Nakuru, anayetengeneza umeme wa magari makubwa. Alikuja na kompyuta na mita ya kupimia, bila hata spana moja, na Njuguna akamhesabu kuwa mgeni wa kupita. Nyakio hakusikiliza injini. Aliizima kabisa, akachomoa betri, akagusa nyaya mbili kwa mita yake, akatazama namba, akagusa tena.

"Hii mashine si mgonjwa," akasema. "Ni kelele iko nayo."

Akaeleza, na alieleza vizuri, hata Kipngeno alisogea. Ndani ya kombaini mna kompyuta ndogo saba: ya injini, ya kiti, ya kile kichwa, ya skrini, na nyingine. Hakuna iliyofungiwa waya wake binafsi wa kuongea na mwenzake. Zote zinatumia nyaya zilezile mbili, kama vile kundi la WhatsApp la ukoo: kila mmoja anatuma, wote wanapokea, na mwenye habari yake anaichukua. Kiti hutuma kwamba mtu ameketi. Skrini huisoma. Sasa, ujumbe ukifika mwisho wa waya haufi hivihivi, hurudi nyuma kama mwangwi na kugongana na unaofuata, mpaka hakuna anayesikia chochote. Ndiyo maana kila mwisho wa waya huwekwa plagi ya kumeza sauti. Zikiwa mbili, mita husoma sitini. Yeye alikuwa amesoma mia moja na ishirini. Plagi moja haikuwepo.

Njuguna akairudisha bisibisi mfukoni.

"Na hiyo plagi," akauliza polepole, "waya yake inaenda wapi?"

"Haiendi popote, mzee. Inaishia tu hapo."

Nyakio alifuata nyaya mpaka nyuma ya kile kichwa, akakuta utepe mweusi, akauliza ni nani aliyefunga pale. Njuguna alitazama mawingu. Kipngeno, kwa moyo safi, alisema hata hivyo pamefungwa vizuri. Simu ikapigwa Nairobi: plagi mpya ingefika baada ya siku tatu. Mwalimu Jepkemboi aliinama akachuma suke moja, akalisugua mkononi, akazitazama punje.

Hapo ndipo Njuguna alipofungua kinywa. Akasema kuna mtu anamjua huko Nakuru, mtu wa spea za matrekta, huenda anayo. Mwalimu akamwambia aende, na kwamba atamwombea njiani.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Kutoka shambani hadi gereji yake ni dakika kumi kwa pikipiki. Alimwaga mikebe yote miwili sakafuni, themostati zikaviringika hadi mlangoni, na plagi ikaonekana, nzima, na vumbi kidogo tu. Angeweza kurudi saa ileile. Lakini mtu aliyekwenda Nakuru hawezi kurudi baada ya dakika ishirini, hilo hata Kipngeno angeligundua. Kwa hiyo Njuguna aliisafisha plagi kwa petroli mpaka ikang'aa, akanunua bahasha ya kaki kwenye duka la vitabu ili ifanane na kitu cha dukani, akaingia hotelini, akaagiza chai na chapati mbili. Alipomaliza akatazama saa, akaagiza chai nyingine. Kupitia dirishani mawingu yalikuwa yameshuka. Akajiambia kwamba hayo ni ya kunyeshea Molo, si Njoro.

Alirudi saa saba kasoro, akihema kidogo kama mtu wa mbali. Nyakio akaifungua bahasha, akaitazama plagi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaichomeka. Mita ikasoma sitini. Kipngeno akapanda, akaketi kwa heshima, na skrini ikakubali kwamba yupo. Mashine ikaingia shambani na haikusimama tena.

Mwalimu Jepkemboi aliushika mkono wa Njuguna kwa mikono yake yote miwili, macho yakiwa na machozi. Akasema Jumapili atasimama kanisani mbele ya watu wote na kumtaja kwa jina. Njuguna akajibu kwamba si kitu, na kwa muda mfupi aliamini hivyo.

Mvua ilinyesha saa kumi na moja jioni, ile nzito isiyotangulizwa na manyunyu. Kipngeno akaleta kombaini kando, na wote wanne wakajibanza kwenye banda, wakitazama ekari tano zilizobaki zikilala chini ya maji.

"Tungekuwa na saa moja na nusu zaidi," Kipngeno akasema, "tungemaliza yote."

Alisema hivyo kwa masikitiko tu, bila kumlenga mtu. Njuguna akapiga hesabu ya zile chai mbili. Alijaribu kunyamaza na akashindwa.

"Mwalimu, mimi sikuenda Nakuru," akasema. Kisha akayatoa yote: plagi, mfuko, mkebe, petroli, bahasha, chai ya kwanza na ya pili. Kipngeno aliacha mdomo wazi. Nyakio akaanza kukunja nyaya za mita yake kwa bidii kubwa.

Jepkemboi akamgeukia Njuguna.

"Plagi ulitoa kwa kutojua," akasema. "Hiyo nimekusamehe. Lakini ukikunywa hiyo chai ulikuwa unajua."

Baadaye, kwa sauti ndogo, Njuguna akamwomba jambo moja: kuhusu Jumapili, basi asimtaje.

"Nitakutaja," Mwalimu akasema. "Nilishaahidi. Nitasema yote vile ilikuwa, na wewe utasimama uonekane."

Jumapili Njuguna alivaa koti, akafika kabla ya kwaya, akaketi benchi la mbele kabisa ili asije akatafutwa.