Kaimu wa Miguu ya Bosi

Mkurugenzi hakunichagua kwa uaminifu wangu, wala kwa miaka sita niliyomwendesha bila kukwangua hata kioo cha pembeni. Alinichagua kwa miguu. Siku moja alishuka mpaka kwenye maegesho, jambo ambalo hakulifanya hata siku ile stoo ilipowaka moto, akaniambia, "Dereva, hebu vua kiatu." Nikavua. Akakigeuza, akasoma namba kwenye soli, uso ukamkunjuka. Arobaini na tatu, sawasawa na yeye.

"Kumbe nina bahati," alisema.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Kampuni inatimiza miaka ishirini, na yeye akasimama kikaoni akatangaza kwamba atawaongoza wakuu wa idara kupanda mlima, ule mrefu wenye barafu juu, wakachomeke bendera ya kampuni kileleni na kupiga picha ya kalenda. Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Huyu ni mtu anayepanda lifti kwenda ghorofa ya kwanza. Akidondosha kalamu hupiga kengele, katibu muhtasi aje kuiokota.

Wiki hiyohiyo waongozaji wa mlima wakaleta orodha ya maandalizi. Buti zivaliwe angalau miezi miwili kabla ya safari mpaka ziuzoee mguu. Asiye na buti alizozizoea hapandi, na za kuazima hazikubaliki. Kila siku mtu atembee saa nzima na apande ngazi akiwa na begi zito mgongoni. Avae saa ya kuhesabu hatua na mapigo ya moyo, na kila Ijumaa hesabu zake zitumwe kwa kiongozi wa msafara. Alete na barua ya daktari. Mkurugenzi aliisoma orodha ile kama anavyosoma orodha zote, kwa kutafuta nani atafanya. Pale kwetu kila kitu kinakaimiwa. Kuna kaimu mhasibu, kuna kaimu ofisa ugavi, hata mlinzi wa getini ni kaimu mlinzi, mwaka wa nne sasa. Mimi nikawa kaimu wa miguu.

Utauliza kwa nini nilikubali. Ni kwa sababu ya barua. Miaka sita nimefanya kazi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, na mwenye mkataba wa namna hiyo hapewi kadi ya matibabu ya familia. Binti yangu ana miaka minane na ana pumu. Ikimshika, kifua kinalia filimbi, mabega yanapanda na kushuka, na macho yanatutazama mimi na mama yake yakituuliza tunangoja nini. Tulichokuwa tunangoja ni kadi. Barua yangu ya ajira ya kudumu ilikuwa imeshachapwa, iko mezani kwa Mkurugenzi, imebaki saini tu.

"Nikishuka mlimani naisaini," aliniambia huku akinikabidhi buti. "Fanya kazi yako vizuri."

Mke wangu ni msusi, na ulimi wake ni mkali kuliko kichanio chake. Nilipomweleza, aliacha kusuka, akamwomba radhi mteja, akanigeukia.

"Yaani unamfanyia mazoezi?"

"Ndiyo."

"Na akishikwa na haja kubwa, baba watoto, utamwendea wewe?"

Mteja alicheka mpaka msuko ukaharibika. Mimi nikafunga kamba za buti.

Basi nikatembea. Kila alfajiri kabla ya kwenda kumchukua bosi nilizunguka mtaa mzima na buti zake, saa yake mkononi, mgongoni begi lake limejazwa rimu za karatasi za ofisi. Mchana, wenzangu wakila, mimi nilipanda ngazi za jengo letu, ghorofa kumi na moja, mara tatu, mara nne, mwishoni mara sita. Wiki za kwanza nilitema mate mazito na kuwalaani mababu zake wote. Baadaye kifua kikafunguka. Na jioni, hesabu za saa zikiingia kwenye grupu la ofisi, ungeona mashindano ya kujikomba. "Hongera bosi, hatua elfu ishirini!" "Bosi wewe ni simba!" Mhasibu Mkuu aliandika kwamba machozi yanamtoka. Wote walikuwa wakiniona napishana nao kwenye ngazi, jasho linachuruzika, saa ya bosi inamemeta mkononi, na bado walimvika yeye kilemba cha ukoka bila haya.

Kilichonimaliza ni kwamba mwenyewe alianza kuamini. Mwezi wa pili aliingia kwenye gari anachechemea.

"Dereva, leo taratibu kwenye matuta," alisema, anasugua magoti. "Zile ngazi za jana si mchezo."

Nikamtazama kwenye kioo, nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amekunja uso kabisa, na mkono mmoja umo kwenye pakiti ya karanga. Nilimdharau siku ile kuliko siku zote, na mwenye kumdharau mtu huku anamfungulia mlango hujidharau na yeye kidogo.

Barua ya daktari nayo ilipatikana. Iliandikwa na shemeji yake, daktari wa meno. Ilisema mhusika ana afya njema kabisa. Labda alikuwa anazungumzia magego.

Siku ya safari katibu muhtasi, ambaye ndiye peke yake pale ofisini mwenye aibu, aliipachika barua yangu kwenye faili ambalo bosi husaini akiwa njiani. "Ukipata nafasi, kaka," aliniambia. Tuliendesha siku nzima, wakuu wa idara na katibu muhtasi wakitufuata kwa basi, tukalala mjini chini ya mlima, asubuhi tukaingia kwenye uwanja wa waongozaji.

Kiongozi wa msafara alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, midomo imepasuka kwa baridi za huko juu. Wapagazi, wanaume wenye vifua vipana, walimwita Shangazi na wakamwogopa. Alitandika turubai chini, akaamuru kila mtu amwage vitu vyake aone. Zamu ya bosi ilipofika, nilimwaga mimi. Zilitoka pajama za hariri, mto, chupa tatu za manukato, suti nyeusi na pasi.

"Hii pasi ya nini?" Shangazi aliuliza.

"Ya kunyoosha suti. Kuna picha ya kalenda."

"Na umeme?"

Mkurugenzi akanigeukia, kama vile umeme nilitakiwa kuubeba mimi.

Shangazi akasukuma vyote pembeni kwa mguu. "Buti nitazikagua mwisho, baada ya chai," alisema, akafungua daftari lake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alikuwa amezisoma zile hesabu za kila Ijumaa, moja moja, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alitabasamu. "Wewe ndiye mwenye nguvu kuliko wote hapa. Moyo wako unatulia upesi sana. Hawa wenzako nitawapandisha polepole, siku saba, wapumzike njiani. Wewe nimekuweka kwenye kundi la mbele. Siku nne, njia ya mkato, hakuna kulala mara mbili kambi moja."

Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi akavimba. "Nilijua tu," alisema.

"Lakini nisikilizeni wote," Shangazi aliendelea, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Kule juu hewa ni nyepesi. Mtu asiyejiandaa akipandishwa haraka, mapafu yanajaa maji. Kwanza anakohoa. Halafu kifua kinaanza kulia. Halafu mabega yanapanda na kushuka anatafuta pumzi, na yuko mbali na hospitali, na hakuna gari. Nimeshateremsha watu kwa machela. Wengine walifika chini wamekufa."

Kifua kinacholia nakijua. Nimekishika mikononi kwangu mara nyingi kuliko yeyote pale uwanjani. Na sasa huyu bwana wa pasi na manukato alikuwa anapelekwa kwenye njia ya mkato kwa pumzi zangu. Sitajisafisha hapa, nilifikiria kadi kwanza. Mtu aliyekufa hasaini. Uhai wake niliufikiria baadaye, lakini niliufikiria.

Wengine wakaenda kunywa chai. Bosi alirudi kwenye gari kubadilisha soksi, yaani nimbadilishie. Nikafunga mlango, nikachukua faili.

"Mzee, naomba unisainie ile barua."

"Nimeshakwambia, nikishuka."

"Na usiposhuka?"

Akanitolea macho. Nikamwambia yote, soksi mkononi. "Moyo anaousifu yule mama ni wangu, mzee. Wako yeye haujui. Miezi mitatu umekaa hapo nyuma na karanga. Leo wanakupandisha kwa siku nne, mahali ambapo hawa wapagazi wenyewe wanapumzika kila hatua kumi. Umesikia alivyosema kuhusu mapafu? Binti yangu anaugua kifua. Nimeona mtu akitafuta pumzi asiipate. Wewe hujaona."

"Lakini mimi nimefanya mazoezi," alisema, na sauti ilikuwa ya mtoto.

"Lini?"

Mkono wake ukaenda kifuani, ukabaki palepale. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu huyu kuusikiliza moyo wake mwenyewe, na hakupenda alichosikia. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Nikisema siwezi, sura yangu nitaiweka wapi? Mhasibu atanicheka mpaka nastaafu."

Nilimwacha afikiri, kwa kuwa jambo moja analolimudu kweli ni kutafuta wa kumbebesha. Haikuchukua muda. Macho yakamrudia uhai.

"Orodha yao ilisema buti za kuazima hapana, si ndiyo? Sasa kwa mfano, dereva amesahau buti nyumbani. Madereva mnasahau sahau."

"Saini kwanza," nikasema.

Akasaini juu ya goti, saini imepinda lakini ni yake. Nikaikunja, nikaitia mfuko wa ndani. Nikazichukua buti nikazisukumiza chini ya tairi la akiba, nikafunika na gunia. Halafu nikatembea mpaka kwenye turubai, wote wameshakusanyika, nikamwambia Shangazi kwamba kosa ni langu, buti za bosi nimezisahau nyumbani, safari ya siku nzima kutoka hapa.

Nilitegemea bosi agombe kidogo, kama tulivyopatana. Loo! Mtu yule alilipuka.

"Miezi mitatu!" alipiga kelele. "Miezi mitatu naamka alfajiri! Natoka jasho! Magoti yangu yameisha kwa ngazi! Leo mjinga mmoja ananiharibia kila kitu kwa kusahau viatu!" Na machozi yakamtoka, machozi ya kweli, makubwa, yakashuka mpaka kidevuni. Sijui kama alikumbuka kwamba buti ziko hatua kumi na tano kutoka pale aliposimama. Nadhani hakukumbuka. Alikuwa analilia mlima alioamini ameujiandalia, na ngazi zake zote nilizipanda mimi.

Mhasibu Mkuu akamkumbatia. "Pole bosi. Pole sana. Na hatua zote zile!" Kisha akanigeukia. "Mtu mzima ovyo!" Ofisa Utumishi akasema watu kama sisi ndio tunaoirudisha kampuni nyuma. Katibu muhtasi akatazama chini.

Shangazi alinitazama miguu, akanitazama mkono wa kushoto, pale mkanda wa saa ulipoacha alama kwenye ngozi kwa miezi mitatu. Akainama, akakata jina la Mkurugenzi kwenye daftari kwa mstari mmoja.

"Huyu hapandi," alisema. Aliponipita akaongeza polepole, "Asante, kaka. Ingekuwa machela."

Nilidhani yameisha. Lakini Mkurugenzi alikuwa amepata utamu. Alijifuta uso kwa leso ya katibu muhtasi, akanyoosha kidole. "Aombe msamaha. Hapa hapa, kwa sauti, kila mtu asikie."

Wapagazi wakaacha kufunga mizigo. Nilihisi masikio yanawaka. Nilikuwa na uwezo wa kwenda kwenye gari, kuinua gunia na kumtupia buti zake kifuani mbele ya wote. Hasira ilikuwepo ya kutosha kabisa. Barua nayo ilikuwepo, naisikia mfukoni kila nikivuta pumzi.

"Nisamehe, mzee," nikasema. "Mimi ni mjinga. Nimeharibu mazoezi yako."

"Kwa sauti!"

Nikarudia kwa sauti. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu mkubwa, akasema amenisamehe kwa kuwa yeye hana kinyongo, na watu wakampigia makofi kwa mara ya pili asubuhi ile.

Walipoondoka wengine kuelekea njia ya mlima, yeye akaenda hotelini kulala, nami nikabaki kwenye gari. Nikampigia simu mke wangu.

"Amesaini?" ndilo neno lake la kwanza.

"Amesaini."

Alipiga kigelegele mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Nikamsikia anamwita mtoto, anamwambia kadi inakuja, na mtoto akauliza kama ni ile yenye picha yake. Halafu mke wangu akarudi kwenye simu, sauti imelainika, na nilijua anafuta macho.

"Nimemsimanga bure yule baba. Kumbe ana utu. Hebu mshukuru kwa niaba yangu, na umshukuru mbele ya wenzake wajue."

"Nimeshamshukuru," nikamwambia. "Mbele ya watu wote."