Wawili Kushuka, Wawili Kupanda

Hifadhi ya korongo hairuhusu mtu kushuka peke yake. Hilo nililijua siku nilipokwenda ofisi yao ya hapa mjini kuulizia safari, nikiwa nimefunga kibanda changu cha viatu asubuhi nzima na mteja mmoja ameshaondoka akinitukana.

Kwa nini korongo? Kwa sababu ya kalenda. Mke wangu alipougua tulikuwa tunakwenda kliniki, na pale ukutani palikuwa na kalenda yenye picha ya hilo korongo: kuta nyekundu zimesimama wima, na chini kabisa mto mwembamba kama uzi wa kushonea. Daktari mkuu alikuwa kwenye mkutano. Kila tulipokwenda, yuko kwenye mkutano. Sijui walikuwa wanajadili kuumba dunia nyingine! Basi mke wangu akawa anaitazama ile picha. Kalenda yenyewe ya mwaka wa zamani, hata kuibandua imewashinda. "Nikipata nafuu tushuke kule," akaniambia. Nikamwambia tutashuka. Nafuu hakuipata. Watu wana neno lao la kusema baada ya hapo. Mimi sikuwahi kulitoa mdomoni. Nilikuwa nasema hayupo, basi.

Karani wa hifadhi ni kijana mwenye kalamu mfuko mzima wa shati, utafikiri anaziuza. Nikambatiza Bwana Kalamu.

"Mzee, hapa hatuandikishi mtu mmoja mmoja," akasema. "Wanashuka wawili, wanapanda wawili. Wakifika getini wawili, kizuizi kinainuliwa."

"Na asipofika mmoja?"

"Hakiinuliwi."

"Kwani huko chini kuna nini?"

"Chini kuna chini, mzee. Ni agizo la wakubwa."

"Hao wakubwa wenu wamewahi kushuka?"

"Wao wanashughulikia kanuni." Akabonyeza kalamu. "Uko na nani?"

Nilikuwa na hasira. Mtu mzima unafunga kazi, unapanga foleni, halafu unaambiwa uende ukatafute mwenzako, na mwenzako wamekunyang'anya wakubwa haohao wa mikutano. Nikamjibu, "Niko na mke wangu." Akaandika. Hata macho hakuinua. Akanipa karatasi ya maelekezo, akasema viatu vya kushukia vinatolewa na hifadhi, vipo chumba cha nyuma, kila mmoja aje ajipime kabla ya siku. Mimi nikajipima palepale. Vilikuwa na soli nzuri, ila gundi ya ovyo.

Siku chache baadaye nikiwa kibandani, nimebana kiatu cha mtu magotini, simu ikalia.

"Mzee, ni karani wa hifadhi hapa. Nakutaarifu kwamba mama amekwishapita kujipima."

"Mama yupi?"

"Mkeo. Mama mcheshi kweli yule, amenichekesha. Ila ametusumbua kidogo kwenye namba. Kushoto sita, kulia tano. Ikabidi tuvunje jozi mbili."

Sindano ilinichoma kidole na sikusikia maumivu.

Niwaeleze. Mke wangu akiwa msichana alikanyagwa na mkokoteni wa mizigo mguu wa kushoto, na ule mguu haukurudi kama ulivyokuwa. Alikuwa anaona aibu. Tangu tuoane viatu vyake nilimtengenezea mwenyewe, kushoto kikubwa, kulia kidogo, lakini kwa nje nikavilinganisha hata ukivitazama huoni. Dada zake hawakujua. Binti yetu aliyemzaa hakujua.

Nikauliza, "Alikuja na nani?"

"Peke yake. Amesema mtakutana siku yenyewe."

Mtu mwingine angeogopa. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikafunga kibanda mapema, nikaenda kununua chupa mbili za maji, kofia mbili, na pipi za tangawizi anazopenda. Nyumbani nikatandaza vitu kitandani, vyangu upande wangu, vyake upande wake. Nikawa napiga mluzi.

Binti yetu anafanya kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka kwenye nyumba ya wageni, na akitoka hupitia kwangu kuangalia kama nimekula. Alisimama mlangoni, bado ana harufu ya sabuni, akakitazama kitanda.

"Baba, una mgeni?"

"Nina safari. Nashuka korongoni na mama yako."

Akacheka kidogo, kisha akaona sicheki. Nikamweleza yote, mpaka namba za viatu. Akakaa chini taratibu kama mtu mwenye kikombe kilichojaa mkononi.

"Huyo karani anakuchezea, baba."

"Angejuaje mguu?"

Akaichukua ile karatasi ya maelekezo, akasoma kimya, midomo ikicheza. Alipofika mahali fulani midomo ikasimama.

"Baba, wanapanda wawili."

"Ndiyo, agizo la wakubwa."

"Mama anaweza kupanda?"

Nikajifanya nakunja kofia.

"Nakuuliza wewe. Mama anaweza kutoka getini akaja hapa, akakaa kwenye hiki kiti? Kama hawezi, na wewe hutoki. Utabaki kulekule, na mimi nitabaki na nani? Na mashuka ya watu?"

"Usinipigie kelele, mimi baba yako."

"Basi kuwa baba yangu!"

Nikamwambia nimeahidi, na mimi si daktari mkuu, nikiahidi natokea. Akaondoka bila kuaga. Karatasi akaenda nayo.

Nilijua anachokisema. Nisidanganye, nilikijua tangu kidole kiliponitoka damu. Ila nilikuwa nimechoka kula peke yangu.

Kesho yake, jua limepanda, simu tena. Bwana Kalamu ana sauti ya mtu anayetafuna kitu.

"Mzee, badiliko lenu limepita. Binti amechukua nafasi yako. Atashuka yeye na mama."

"Nani kasema?"

"Amekuja mwenyewe. Yuko chumba cha nyuma anajipima viatu. Wewe tumeshakufuta."

Sikufunga kibanda. Niliacha viatu vya watu barabarani, vya kushoto bila vya kulia, nikakimbia kwa miguu hii. Nilikuwa nimeelewa. Mtoto kaona baba hasikii, kaamua kuzuia tundu kwa mwili wake.

Ofisini nikapiga meza. "Mfute!"

"Haiwezekani nafasi ikabaki tupu, mzee. Sharti wawe wawili."

"Huyo mwingine..." Nikashindwa. "Huyo mwingine hayupo."

"Yupo. Tumemuandika."

"Nakwambia hayupo, kijana! Hakuna wa kupanda naye!"

Akaweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza akanitazama, na usoni mwake hamkuwa na mshangao wowote. "Mzee, mbona hilo si geni? Wengi wanaandikisha hivyo. Kanuni haiulizi. Na wanaoshuka wawili hupanda wawili, hesabu yetu haijawahi kupungua hata mara moja."

"Walewale?"

"Sisi tunahesabu vichwa. Sura si kazi yetu."

Nikahisi baridi ya kisimani ikinipanda miguuni. Hapo ndipo nikasikia sauti kutoka nyuma ya pazia. Ilikuwa ya binti yangu. Haikuwa na kilio wala woga, alikuwa anaongea kama anavyoongea akishiba.

"Hapo je? Kinakubana hapo? Ngoja nikilegeze." Kisha akacheka. "Mbona hukuniambia miaka yote hiyo? Ungeniambia mimi!"

Nikavuta pazia.

Binti yangu alikuwa ameketi kwenye ubao mrefu, viatu vya kushukia vimemkaa sawasawa. Pembeni yake palikuwa na viatu vingine viwili sakafuni, kimoja kikubwa kuliko mwenzake, vimefungwa kamba. Hapakuwa na mtu. Lakini kamba zilikuwa zimekazwa, na ngozi ya juu imetuna, imejaa, kama inavyojaa ikiwa na mguu ndani. Mimi hiyo ndiyo kazi yangu. Kiatu kitupu nakijua.

"Baba, umekuja," akasema, uso unang'aa. "Usiwe na wasiwasi tena. Mama ananisimulia mambo. Tutashuka mimi na yeye."

"Vua viatu, twende nyumbani."

"Kidogo tu. Kuna jambo hajamaliza."

"Vua, mwanangu."

"Jana ulisema uende wewe, leo mimi nisiende?"

Hakuwa ananitazama. Alikuwa amegeuzia sikio upande ule, anatabasamu, na nikaona tayari nusu yake haiko chumbani. Nikapiga magoti. Sikupiga mbele yake, nilipiga mbele ya vile vingine, kama nilivyopiga kila nilipomjaribisha mke wangu viatu vipya, nikashika kamba.

"Mke wangu," nikasema, "mimi nilikuita kwa hasira. Umekufa. Umekufa, na walikuacha ufe, na sitawasamehe. Lakini wewe umekufa, na huyu yuko hai. Mwachie."

Bwana Kalamu huko nje aliacha kutafuna.

Nikafungua kamba ya kushoto. Kiatu kikavuka mguuni polepole, kizito mkononi mwangu, kisha ghafla kikawa chepesi, na ndani yake kulikuwa na joto. Binti yangu akashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Akatazama huku na huku, akaanza kulia.

Nikashika kamba ya kulia. Fundo lilikuwa limekaza. Nikavuta, haikulegea, nikajaribu kwa kucha, nikajaribu kwa meno, miaka yote hii sijawahi kushindwa na fundo. Kiatu hakikuinuka sakafuni. Kilikuwa kimekanyagiwa chini na mguu uliokuwa ndani.

Nikaacha. Nikamvua binti yangu vile vya kushukia, nikamshika mkono, tukapita mbele ya meza.

"Nafasi yako imebaki tupu, mzee," karani akaniita. "Nimuandike nani?"

"Muandike mkubwa wako. Naye akaone anachokiagiza."

Akachukua kalamu. Sikungoja kuona kama anaandika.

Tulitembea kwenye jua la mchana, yeye peku, viatu vyake mwenyewe kavisahau kule nyuma na sikutaka arudi kuvichukua. Mkono wake ulikuwa wa moto na unatoka jasho, na mimi nikaushukuru kwa hilo. Tulipofika karibu na kibanda, wateja walikuwa wamekusanyika wanagombea viatu.

"Alikuwa anataka kunieleza jambo," akasema. "Alikuwa amefika katikati."

"Najua."

"Hujui, baba. Umemwacha pale na kiatu kimoja."

Nikamkalisha kwenye kigoda changu, nikaanza kumtafutia kitu cha kuvaa miguuni.